Cheo Huondoka, Kazi Hubaki

Katika mchezo wa soka mfungaji hukumbukwa kwa bao moja, na mlinzi hukumbukwa kwa kosa moja. Mlinzi aweza kuokoa hatari nyingi bila ya jina lake kutajwa. Akiteleza mara moja, taifa zima humnyoshea kidole. Ndiyo maana habari za Rigobert Song, beki aliyeichezea Kameruni mara 137 kati ya mwaka 1993 na 2010, zastahili kutafakariwa na kila aliyekabidhiwa kazi ya umma.

Song hakuanza kwa sifa. Tarehe 24 Juni, 1994, huko California, Marekani, Kameruni ilipambana na Brazil katika Kombe la Dunia. Kijana huyo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18, alimchezea rafu Bebeto akatolewa nje kwa kadi nyekundu. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mchezaji aliyetolewa katika mashindano hayo akiwa na umri mdogo kama wake. Kameruni ilifungwa mabao 3 kwa 0. Mwaka 1998, nchini Ufaransa, alitolewa tena katika mchezo na Chile. Wapo ambao wangemtupa. Nchi yake haikumtupa, naye hakuufanya ujana kuwa udhuru wa kudumu.

Matunda yakaonekana. Tarehe 13 Februari, 2000, mjini Lagos, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Kameruni na wenyeji Nijeria ilikwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2. Ikaja mikwaju ya penalti. Mkwaju ulioamua ubingwa ulipigwa na Song, akautia wavuni mbele ya umati wa wenyeji. Mwaka 2002, mjini Bamako, akiwa nahodha, Kameruni ililitetea kombe hilo kwa kuishinda Senegal, vilevile kwa penalti.

Lakini mtumishi hapimwi siku ya vigelegele. Mwezi Februari, 2008, mjini Accra, katika fainali na Misri, Song alichelewa kuuondoa mpira. Mohamed Zidan akampokonya, Mohamed Aboutrika akafunga bao pekee la mchezo. Mwaka uliofuata kocha Paul Le Guen alimvua unahodha akampa Samuel Eto'o, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Mkuu wa idara huondolewa madarakani, na kuanzia siku hiyo majalada hulala mezani. Mwalimu mkuu hurudishwa darasani, na wanafunzi hulipa deni wasilolijua. Mtu huyo hudhani ameikomoa serikali, kumbe amewakomoa watoto wa wananchi wenzake.

Song hakususa. Alikwenda Afrika Kusini mwaka 2010 bila kitambaa cha unahodha, akakaa benchi. Tarehe 24 Juni, miaka 16 kamili tangu siku ile ya California, aliingizwa uwanjani katika mchezo na Uholanzi. Kameruni ilikuwa imekwisha kutolewa mashindanoni. Hapakuwa na kombe wala sifa ya kugombea. Palikuwa na dakika chache za kazi, naye akazitumikia. Mwezi Agosti akastaafu.

Mwaka 2016 alipatwa na maradhi ya ubongo yaliyokaribia kumwua, akapona. Mwaka 2022 alikabidhiwa ukocha wa timu hiyo hiyo ya taifa. Tarehe 2 Desemba mwaka huo, huko Qatar, Kameruni iliifunga Brazil bao 1 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuishinda Brazil katika Kombe la Dunia. Ushindi huo haukutosha kuivusha kwenye kundi lake. Hata hivyo, kijana aliyetolewa nje mbele ya Brazil mwaka 1994 ndiye aliyesimama kando ya uwanja akiiongoza timu.

Ndugu wasikilizaji, cheo huja na cheo huondoka. Anayeipenda kazi kuliko cheo, hata akikosea, hupata siku ya kulipa deni lake.