Anzeni na Tuta Moja



Neno langu la leo ni kwa wale ambao hawajapata kulima mboga hata siku moja, na zaidi kwa wale waliojaribu mara moja wakaacha. Hawa wa pili ndio wengi. Mwezi wa Machi, mvua za masika zinapoanza, mtu hushika jembe kwa furaha akalima kipande kikubwa, akapanda sukuma wiki, kabeji, nyanya na vitunguu kwa pamoja. Mwezi wa Mei bustani hupendeza macho. Kufika Julai mvua zimekwisha, mto uko mbali, magugu yamesimama, na mwenye bustani husema kwamba mkono wake hauotishi kitu. Si kweli. Mkono wake hauna kosa. Alilima kupita maji aliyo nayo.

Basi hesabu ya kwanza ya bustani ni ya maji, wala si ya ardhi. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, wakati wa kiangazi, hutaka debe moja la lita 20 hivi kila siku. Mama anayechota maji mbali na ajiulize kama debe hilo la ziada litapatikana. Likipatikana, na alime tuta moja; yakipatikana mawili, matuta mawili. Tuta hilo moja huchukua miche 20 hivi ya sukuma wiki, mistari miwili ikiachana sentimita 60, na mche kwa mche sentimita 45. Ukichuma majani mawili kwa kila mche kwa wiki, hayo ni majani 40 ambayo hukuyanunua sokoni. Fedha zake si nyingi kwa siku moja, lakini ni za kila wiki, na mwenye watoto shuleni ajua kazi yake.

Chimbeni udongo hata sentimita 30, kisha changanyeni mbolea ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza barabara. Nasema iliyooza. Wengi hutoa mbolea zizini asubuhi wakaitia bustanini mchana, miche ikaungua mizizi, kisha lawama ikamwendea muuza mbegu. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, haina joto wala harufu ya zizi.

Mbegu za sukuma wiki husiwa kwanza katika kitalu kidogo, sentimita 1 tu chini ya udongo, na miche huhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo anayengoja mvua ndipo asie mbegu amekwisha kuchelewa. Kitalu na kiwe tayari mwezi wa Februari. Hamisheni jioni, jua likiwa limepoa, mkamwagilia mara. Kisha funikeni udongo kwa nyasi kavu baina ya miche, ili jua lisiukaushe na magugu yasipate nafasi. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ndogo katika bustani iletayo faida kubwa kama hii.

Lakini sukuma wiki hukawia, na anayeanza hutaka kuona kitu upesi. Kwa ajili hiyo pandeni pia terere na kunde. Terere huchumwa baada ya wiki 3 au 4 tangu kupandwa, na majani ya kunde karibu vivyo hivyo; tena mizizi ya kunde huusaidia udongo. Wako watu waliozidharau mboga hizi, pamoja na managu na saga, wakisema ni chakula cha maskini. Leo zauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zimefungwa vizuri, na wale wale huzinunua.

Wadudu watakuja. Mche ukionekana asubuhi umekatwa shinani, fukueni udongo hapo karibu. Huenda mkamkuta kiwavi mnene amejikunja. Mwueni, mkapande mche mwingine. Vidukari hukaa chini ya majani, hasa wakati wa ukavu. Waosheni kwa maji yenye sabuni kidogo kabla hawajaenea. Mtu akinyunyiza dawa ya dukani, asichume mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, hata kama jikoni hakuna kitu. Watoto ndio watakaokula.

Nanyi mkaao mijini msiseme hamna shamba. Huko Kibera watu wengi wamelima mboga ndani ya magunia: gunia hujazwa udongo na mbolea, katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia likae penye jua. Udongo wake usitoke jalalani wala karibu na gereji, kwani sumu ya betri kuukuu huweza kuingia katika mboga. Wala msimwagilie maji ya mtaro wa choo.

Na wiki ile mtakayochuma majani ya kwanza ya sukuma wiki, sieni mbegu nyingine kitaluni, ili tuta lisikae tupu miche ya kwanza itakapozeeka.