Nyumba Isiyokwisha

Neno letu latoka Injili ya Luka, mlango wa 14, mstari wa 28 hadi wa 30. Hapo Bwana asema juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara asihesabu gharama, akashindwa kuumaliza.

Sisi wakaaji wa Tena mnara huo twaujua. Simama barabarani utazame mapaa: vyuma vimechomoza juu vikingojea ghorofa nyingine. Vingine vimengoja hata vikashika kutu. Vyangu vimo, nitavirudia.

Kwanza twende Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania. Katika miaka ya 1300 alitawala huko Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa ikienda ng'ambo, naye akatajirika sana. Juu ya jabali linalotazama bahari akajenga Husuni Kubwa, kwa mawe ya matumbawe na chokaa: vyumba zaidi ya 100, ua mkubwa wa bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mabwana wa Ufaransa nao walijenga ngome zao kabla ya hapo. Mnara wa Coucy ulipanda karibu mita 54, ukasimama mpaka jeshi la Ujerumani lilipoulipua mwaka wa 1917. Husuni Kubwa haikuhitaji baruti. Haikumalizwa kamwe, na waliokaa ndani yake hawakukaa sana.

Lakini msimcheke upesi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka wa 1331, akaandika kwamba sultani huyo aliitwa Baba wa Vipawa. Ijumaa moja akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, tena saa ile ile. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa maskini watumwa kumi badala yake. Naye sultani aliposikia, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo mimi husita. Watumwa wale walikuwa watu, wana wa mama zao, na sultani huyo alikuwa akipiga vita bara na kuchukua mateka. Joho lilikuwa lake kulitoa. Watu hawakuwa wake.

Alipokufa, akatawala nduguye Daud. Huyu, maskini alipokuja, alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kumpa mtu.

Msikilizaji, jibu hilo nililitoa mimi, tena hapa hapa Tena, ingawa kwa maneno mengine. Nilikuwa nikiongeza ghorofa ya kupangisha. Ndugu yangu mdogo akaja kutoka nyumbani, vumbi la safari miguuni, kuomba karo ya mtoto wake. Fedha nilikuwa nazo, nimezitenga za saruji. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ningoje nimalize nyumba." Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Saruji ikatumika, na nyumba haikuisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwomba radhi mbele ya mama yetu. Alinisamehe, na karo nikapeleka. Lakini kijana alikwisha kukataa kurudi darasani. Wenzake walikuwa wamemtangulia, akaona haya. Siku hizi anatengeneza baiskeli sokoni. Kila nikienda huniletea kiti, akakipangusa kwa kitambaa chake cha kazi, akaniuliza kwa heshima, bila kinyongo chochote ninachoweza kukiona:

"Baba mkubwa, nyumba imefika wapi?"

Bwana akujalie jioni njema, msikilizaji. Sasa tuinamishe vichwa, kila mtu aombe kimya kimya mahali alipo.