MELI ILIYOZAMISHWA KWA MAKUSUDI: KUTUPA NA KUTENGENEZA SI KITU KIMOJA

(Hotuba kwa mkutano wa vijana na wazazi, Kipkelion)



Sisi wa kamati ya maendeleo tuliombwa tuseme juu ya mazingira na kazi za vijana. Tumechagua habari ya meli. Najua wengine mtauliza, sisi watu wa majani chai na ng'ombe, meli inatuhusu nini? Lakini meli si kitu kigeni kabisa hapa. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901 ilipitia hapa hapa, na kituo chetu kikiitwa Lumbwa. Miaka iliyofuata, meli za Ziwa Victoria zilipita kwa treni zikiwa vipande vipande, zikaenda kuunganishwa Kisumu. Tena, meli tunayotaka kuwaeleza leo ilikuwa ya kubeba mifugo.

Meli ya Dania

Meli hiyo ni MV Dania, yenye urefu wa karibu mita 75. Ilipozeeka haikuuzwa skrapu. Mwaka wa 2002 ilizamishwa kwa makusudi mbele ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Leo imekaa juu ya mchanga, kama mita 30 chini ya maji.

Kwa nini watu wazamishe meli nzima? Ni kwa sababu viumbe wengi wa bahari wanahitaji kitu kigumu cha kushika na pango la kujificha. Mchanga mtupu hauwapi hayo. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na matumbawe, lakini mwaka wa 1998, wakati wa El Niño, bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe, yakafa. Chuma kikishuka chini, kwanza kinapata utelezi wa mimea midogo. Halafu sponji na chaza na matumbawe hushika. Samaki wadogo wanakuja, na wakubwa kama chewa na mzia wanafuata wadogo. Mwishowe wageni nao wanalipa ili washuke kuiona, na mtu wa mashua, fundi wa mitungi ya hewa na kiongozi wa wapiga mbizi wanapata riziki.

Si lazima iwe meli. Huko Shimoni na Mkwiro, tangu miaka ya 2010, miamba bandia ya saruji, vyuma na chupa imewekwa baharini, na wanakijiji wameshiriki kuotesha matumbawe juu yake.

Kuzamisha si kutupa

Hapa ndipo penye neno letu. Meli haisukumwi tu ikazama. Kwanza mafuta yote hutolewa, na nyaya, na plastiki, na rangi zenye sumu. Milango huondolewa na matundu hukatwa, ili mpiga mbizi asinaswe ndani. Mahali pachaguliwe: pasiwe juu ya matumbawe yaliyo hai wala kwenye njia ya meli. Mkataba wa London wa mwaka 1972 unakataza kutupa takataka baharini ovyo ovyo, na jina zuri la "mwamba bandia" haliwezi kugeuza takataka kuwa baraka.

Wako waliojaribu njia ya mkato. Mwaka wa 1972, huko Florida, Marekani, watu wenye nia njema walianza kumwaga magurudumu ya magari baharini, mpaka yakafika kama milioni 2, ati yawe nyumba ya samaki. Kamba zikakatika. Mawimbi yakayasukuma mpaka yakagonga matumbawe ya kweli na kuyaharibu. Kuanzia 2007 wanajeshi wapiga mbizi walipelekwa kuyatoa. Nia njema peke yake haikutosha.

Jambo lingine: mwamba bandia huwakusanya samaki mahali pamoja. Watu wakivua hapo bila mpango, basi hawakujenga nyumba, wametega mtego.

Kwa kijana anayetaka kazi hiyo

Tunajua wako vijana wetu Mombasa, na wengine watakwenda. Sikieni vizuri. Mita 30 chini, mgandamizo ni mara 4 ya huku juu, na hewa ya mtungi inaisha upesi mara 4. Cheti cha kwanza kwa kawaida ni cha kufika mita 18. Kufika Dania chini kunataka mafunzo zaidi. Usishuke peke yako. Usizuie pumzi kamwe. Panda polepole. Usiingie ndani ya meli kama hukufundishwa.

Na hili ni letu sisi watu wa milimani: ukiwa chini, naitrojeni inaingia mwilini. Ukipanda juu kwa haraka inatoka kama povu la soda ukiifungua, na mtu anaweza kupooza au kufa. Kwa hivyo usitoke baharini jioni ukapanda basi la usiku kuja nyumbani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na barabara ya Mau Summit inapita mita 2,400. Ukishapiga mbizi mara kadhaa, ngoja angalau saa 18, na afadhali siku nzima, kabla ya kupanda ndege au kuja huku.

Na sisi huku juu?

Maji ya vilima vyetu yanaingia Mto Nyando, na Nyando inaingia Ghuba ya Winam. Udongo tunaoachilia uoshwe, mifuko ya mbolea na mikebe ya dawa tunayotupa mtoni, yote yanakwenda mahali samaki wanapozalia. Wale wa pwani wanatumia fedha na jasho kuwajengea samaki nyumba. Sisi je, tutabomoa zile ambazo Mungu aliwapa bure? Tupande nyasi na miti kando ya mito, tuchimbe mitaro ya kuzuia udongo, na mikebe ya dawa isioshwe mtoni.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Ni kitu gani katika boma lako kinaishia mtoni?
2. Je, mradi gani hapa ulianzishwa kwa nia njema bila matayarisho? Ulifikia wapi?
3. Kikundi chenu kitapanda nini kando ya mto kabla ya mvua ndefu?

Mungu awabariki.