Mtoto Mpole Asiyesumbua
(Somo kwa wazazi na walezi)

Somo langu ni la bakuli la mtoto na la mtu anayelishika.

Kuna sifa moja tunapenda kuitoa kwenye makusanyiko yetu. Mama anakaa ibada nzima, mtoto yuko mkekani: halii, hatambai, hagusi kitu. Tunamwambia mama, "Hongera, mtoto wako mpole!" Ndugu yangu, wapo watoto wapole kwa kuzaliwa, sikatai. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyetaka kugusa kitu ni wa kuangaliwa mara mbili. Mwili usiolishwa vizuri unabana matumizi, na mchezo ni kati ya vitu vya kwanza kupunguzwa. Sasa, mtoto asipocheza wala kuita, sisi wakubwa nasi hatumsemeshi. Njaa na upweke vinashikana mikono, na ubongo unapunjwa mara mbili.

Na ubongo hausubiri. Mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Ndiyo maana wauguzi wanahesabu siku 1,000, tangu mimba inapotungwa.

Tusiseme haya ni ya wengine. Burundi, upimaji wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kongo ilikuwa asilimia 42 kwenye upimaji wa 2017 na 2018. Tanzania ni asilimia 30 mwaka 2022. Rula inapima kimo tu. Yale yaliyopungua kichwani utayaona darasani.

"Ni umaskini," mtasema. Umaskini upo, lakini tazameni Iringa. Mkoa wa mahindi ule, na bado mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wake walikuwa wamedumaa. Ghala limejaa, mtoto anashibishwa uji mweupe, asubuhi na jioni. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji yenye unga kidogo, litajaa na yeye atabaki na njaa. Nasi wa ziwani je? Dagaa, au ndagala kama wanavyosema wenzetu wa Burundi, tunawaanua na kuwapeleka sokoni, mtoto anaachiwa mchuzi. Bakisha kiganja kimoja, Mama. Watwange, uwatie kwenye uji mzito pamoja na karanga. Baada ya miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, mtoto ale mara mbili au tatu kwa siku, na akifika miezi tisa mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Lakini nani anamlisha? Mara nyingi ni dada yake wa miaka saba, naye anataka amalize akacheze. Kijiko kinasukumwa mdomoni, hakuna neno. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987 walichukuliwa watoto 129 waliokwisha kudumaa. Wengine walipewa maziwa ya ziada. Wengine walitembelewa na mhudumu wa afya saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, akimfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Maziwa yalisaidia mwanzoni, kisha faida yake ikafifia. Ila waliochezewa, miaka 20 baadaye, walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa bila kuchezewa. Saa moja tu kwa wiki! Baba, hiyo hata wewe unaiweza.

Sasa niseme la kwetu, na wachungaji mnisamehe. Hana aliyemwomba Mungu mtoto machozi yakimtoka hakupanda Shilo kwenye sikukuu ya kila mwaka mpaka alipomwachisha Samweli kunyonya. Alibaki nyumbani, na Elkana mumewe akakubali. Kwetu mama mjamzito anafunga siku 21 akiogopa kuitwa mlegevu. Anayenyonyesha anakesha Ijumaa hadi Ijumaa, na mtoto ananyamazishwa kwa biskuti na soda. Naomba litangazwe madhabahuni, kwa kinywa cha mchungaji mwenyewe, kwamba mjamzito na anayenyonyesha waombe huku wakila. Mama mkwe akilisikia kanisani, nyumbani hakutakuwa na ugomvi.

Na kesho asubuhi njooni na kadi za kliniki, ziwe za Kiswahili, Kirundi au Kifaransa. Wauguzi tulio nao wa pande zote za mpaka watakaa chini ya mwembe kuzisoma. Mwenye mtoto mpole atangulie.