Muajiri yuko ng'ambo, wewe uko Kalemie: kodi unalipa wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niongee juu ya kodi. Najua hilo neno halimfurahishi mtu. Wengi mnanifahamu kwa kazi ya shirika, napita vijijini na daftari kuandika familia zilizorudi kutoka Nyarugusu. Leo sikuja kuandika mtu. Nimekuja juu ya vijana wetu wanaofanya kazi kwa intaneti. Huyu anatafsiri kwa simu kati ya mgonjwa na daktari huko Marekani, yule anasikiliza sauti na kuziandika, mwingine anapanga hesabu za duka la Ubelgiji. Wanaishi hapa Kalemie, miezi mingine wako Kigoma kwa shangazi, na makuta inatoka nchi ya tatu. Wananiuliza: "Yaya, sisi kodi tunalipa wapi?"

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza masomo, kabla ya kupata kazi niliyo nayo, nilikuwa natafsiri kwa kampuni moja ya Marekani, nikiwa hapa hapa nyumbani. Walinitumia karatasi ya kujaza. Niliona Kiingereza kirefu, nikaiacha. Mwezi wa kwanza tulikubaliana dola 400, nikapata 280. Nikasema hawa ni wezi. Miezi mitatu ilipita hivyo, dola 360 zikaenda.

Kumbe ile karatasi ndiyo ilikuwa dawa. Inaitwa W-8BEN. Sheria ya Marekani iko hivi: mtu ambaye si raia wala mkaaji wa kule, akifanya kazi ya huduma akiwa nje ya Marekani, mapato yake hayahesabiwi kuwa ya Marekani, kwa hiyo hayakatwi kodi kule. Lakini lazima aandike na kusaini kwamba yeye ni mtu wa nje. Asiposaini, anayelipa hamjui, na anaweza kumkata 30%. Mimi niliposaini, kukatwa kukaisha. Zile 360 sikuzifuata tena, kwa sababu kuzidai kulihitaji kupeleka tangazo la kodi kule kule Marekani. Karatasi hiyo nayo ina mwisho: ukisaini mwaka 2025, inafika tarehe 31 Desemba 2028, kisha unajaza nyingine.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nilifurahi, nikasema basi, mimi sina kodi popote. Miaka miwili baadaye nikaenda kuomba mkopo nimalize nyumba ya mama. Wakaniuliza: mapato yako yanaonekana wapi? Kontra iko wapi? Kodi umelipa wapi? Nilikuwa na ujumbe wa simu tu. Mkopo sikupata. Pesa niliifanyia kazi kweli, usiku na mchana, lakini kwenye karatasi nilikuwa mtu asiye na kazi.

Ndugu zangu, wengi wetu tumekulia kambini. Kule hakuna aliyetuuliza kodi. Tulijua kadi ya chakula, tulijua kuhesabiwa. Kwa hiyo mazoea hayo hatuna, na si aibu. Lakini sisi tunajua kuliko wengine mtu asiye na karatasi anavyoteseka.

Sasa tuone sheria yenyewe. Jambo la kwanza la kushika: mshahara unatozwa kodi zaidi mahali ambapo wewe umeketi ukifanya kazi. Hawaangalii tu mahali muajiri yuko. Ukiketi Kalemie na kompyuta yako, kazi imefanyika Kongo, hata kama sauti inasikika hospitalini Chicago. W-8BEN inasema tu kwamba Marekani haikukati. Haisemi Kongo imekusamehe.

Hapa kwetu, mtu wa kontra hukatwa kodi ya mshahara, na muajiri wake ndiye anayeitangaza kila mwezi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Lakini muajiri wa mbali hana ofisi Kongo, hakati kitu. Usingojee akufanyie. Nenda kwenye ofisi ya DGI, uombe Numéro Impôt, uwaonyeshe kontra yako, waeleze unalipwa namna gani. Kama huna kontra ya mshahara, unatuma faktire kila mwezi, waambie hivyo pia, maana mtu wa faktire hahesabiwi kama mtu wa mshahara. Uliza kiwango cha mwaka huo, usifuate cha mwaka jana wala cha jirani. Na kodi inalipwa benki. Mtu akikwambia umpe mkononi akusaidie, mwambie asante, uondoke. Risiti ya benki ndiyo itakayokutetea.

Jambo la pili ni siku. Hii inawahusu ninyi wa kuvuka ziwa. Tanzania inahesabu siku unazokuwa ndani ya nchi kwa mwaka, Januari mpaka Desemba. Ukifika siku 183, wewe ni mkaaji kwa upande wa kodi. Hiyo wengi wanaijua. Wasichojua ni kwamba hata chini ya 183 unaweza kushikwa. Ukikaa mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa miaka hiyo mitatu ukapita siku 122 kwa mwaka, umekuwa mkaaji. Mfano: siku 130 mwaka 2023, siku 125 mwaka 2024, siku 120 mwaka 2025. Jumla 375, gawanya kwa tatu, ni 125. Mwaka 2025 tayari ni mkaaji, na hakuna mwaka hata mmoja aliofika 183. Mwenye nyumba ya kudumu kule, siku chache tu za mwaka zinatosha.

Na hata asiye mkaaji, kazi aliyoifanya akiwa Kigoma inahesabiwa kuwa mapato ya Tanzania. Kwa hiyo usiseme "mimi ni mgeni tu kwa shangazi". Ruhusa ya kufanya kazi ni neno lingine, hilo ni la uhamiaji, nalo liulizwe kabla ya kupanda boti.

Jambo la tatu ni la wale waliopelekwa Marekani, wakapata uraia au kadi ya kijani, kisha wakarudi kwetu. Ninyi W-8BEN si yenu, msiisaini. Marekani inamfuata raia wake popote, hata Moba. Kila mwaka lazima utangaze mapato ya dunia nzima. Kuna nafuu: ukikaa nje siku kamili 330 ndani ya miezi 12, unaweza kuomba mapato ya kazi yasitozwe, mpaka dola 130,000 kwa mwaka 2025. Lakini nafuu hiyo inapewa anayetangaza. Na anayejifanyia kazi mwenyewe, akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, inabaki ile 15.3% ya pensheni na matibabu ya wazee. Kongo na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Na Ubelgiji mkataba upo, kwa hiyo mwenye kazi ya huko aulize.

Basi mfanye nini kesho asubuhi? Nunueni daftari moja. Upande mmoja andika siku: tarehe niliyovuka, tarehe niliyorudi, na tiketi ya boti uibandike pale. Upande wa pili andika makuta: nani amelipa, kiasi gani, imekatwa nini. Kontra, faktire na risiti ziweke pamoja, na picha zake kwa simu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Naomba pia chama kichague vijana wawili, twende pamoja DGI na maswali yetu yakiwa yameandikwa. Mtu akienda peke yake anaogopa. Tukienda kumi, tutasikilizwa. Anayetaka kuja aandike jina kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika. Mimi jina langu nimeshaliandika, la kwanza.