Redio Zetu Zisinyamaze
(Maneno ya fundi wa redio katika mkutano mkuu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache kuhusu redio za upepo tulizonunua kwa michango yenu. Sisi watu wa Ukerewe hatuhitaji kufundishwa habari za ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ndiyo maana tuliweka redio zahanati, gatini na kwenye boti. Mama mjamzito akizidiwa usiku na simu hazishiki, boti iitwe upesi.

Redio hizi ni za dijitali. Ndani yake mna programu inayogeuza sauti kuwa tarakimu, kuirusha na kuipokea. Mafundi tunaiita femuwea. Mtengenezaji akigundua kasoro hutoa toleo jipya, nasi tunalipakia kwa kompyuta na waya wake.

Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, lakini haitaki haraka. Mwaka jana nilikosea, na leo nakiri mbele yenu. Nilianza kupakia kwa kompyuta ambayo betri yake ilishakufa, nikitegemea umeme wa ukutani. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Redio ikabaki haina programu ya zamani wala mpya. Nyingine hufufuka ukirudia kupakia, hii ilikataa. Ilikuwa redio ya zahanati. Kwa wiki tatu, mtandao wa simu ulipokosekana, muuguzi alimtuma kijana kwa baiskeli akaite boti.

Kosa la pili, nilisasisha nusu ya redio, nyingine nikaziacha. Sauti zilisikika vizuri, lakini alama ya kitufe cha dharura haikufika kwenye redio za toleo la zamani. Namshukuru Mungu tuligundua siku ya majaribio, si siku ya dhoruba.

Sasa tuna utaratibu. Kwanza tunanakili mpangilio wa chaneli zote na kuuhifadhi. Pili, tunahakikisha toleo ni la aina ileile ya redio, maana la aina nyingine linaweza kuiua. Tatu, betri ya redio na ya kompyuta zijae. Nne, redio zote husasishwa kwa zamu moja, na zahanati haiachwi bila redio hata saa moja. Mwisho tunajaribu kila redio, pamoja na kitufe cha dharura, kabla boti haijaondoka.

Ili utaratibu huu ufuatwe, tunaomba vitu vitatu: betri kubwa na inveta yake, redio mbili za akiba, na nauli ya fundi kuzunguka visiwani mara moja kwa mwaka. Bei ziko kwenye ukurasa wa bajeti.

Ndugu zangu, redio mpya hupigiwa makofi siku ya kukabidhiwa. Nauli ya fundi haipigiwi makofi, wala hakuna anayepiga nayo picha. Lakini bila hiyo, siku mama atakapoita kutoka ng'ambo, redio itakuwa pambo la mezani.

Leo, mkono unapoingia mfukoni, mkumbukeni huyo mama.

Mungu aibariki Ukerewe.