Bambo na Gunia

Mnunuzi wa mpunga hamwagi gunia zima. Hulichoma kwa bambo, akatazama punje chache, akakisia zilizobaki. Ndivyo zilivyo kura za maoni: huulizwa wachache kwa ajili ya wengi.

Mwezi wa Septemba, 2015, shirika la Twaweza lilitangaza ya kuwa katika kila watu 100 waliohojiwa, 65 walimtaka John Magufuli wa CCM, na 25 Edward Lowassa. Huyu alisimamishwa na CHADEMA, akiungwa mkono na CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vyama vilivyoshikamana katika UKAWA ili visigawanye kura. Tarehe 25 Oktoba watu walipiga kura: Magufuli akapata 58.46 katika mia, Lowassa 39.97. Basi bambo lilimtambua mshindi, lakini ama halikupima sawasawa, ama watu waligeuka nia baadaye.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Tangini, mkiambiwa kabla ya uchaguzi ya kuwa fulani amekwisha kushinda, msikae nyumbani. Na vyama vikiungana, ulizeni vimepatana kufanya nini baada ya kushinda. Punje iliyoachwa shambani haifiki kwenye mizani. Kwaherini.